Siku Arobaini za Kujifulia

Mama Povu alinyoosha mkono. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye wengi walitaka kulisahau, na wa kwanza wao alikuwa yeye mwenyewe. Ilikuwa jioni ya Jumatano ya Majivu. Chumba cha shule ya Jumapili kilijaa watu wazima waliojibana kwenye vibenchi vya watoto, kila mmoja na alama ya jivu kwenye paji la uso. Mwalimu, mzee mstaafu aliyeongoza mafundisho ya Kwaresima, aliuliza nani anaunga mkono. Upande wa kwaya, mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Mama Povu.

Somo la mwaka ule lilikuwa imani na haki. Mwalimu alikuwa amelipania.

"Kila mwaka tunafunga sukari," alisema, "na ikifika Pasaka tunakunywa chai tamu maradufu. Hebu niambieni, ni maskini gani amewahi kushiba kwa sukari tuliyoiacha?"

Watu wakacheka kidogo, kwa aibu. Akawasomea maneno ya nabii yule aliyewafokea watu wanaofunga huku wakiwasumbua wafanyakazi wao. Kisha akatoa pendekezo lake. Mwaka huu wasifunge chakula, wafunge kuhudumiwa. Kwa siku arobaini asiwepo muumini wa kufuliwa nguo na mtu mwingine. Kila mmoja apige magoti mbele ya beseni lake mwenyewe, ajishushe, na kile ambacho angelipa kwa kufuliwa akitie kwenye sadaka ya mfungo kwa ajili ya wahitaji. Mchungaji, kijana ambaye hakuwa na mwaka tangu aletwe pale, alifuta machozi na kusema hata yeye atajifulia. Wakapiga makofi.

Sasa, Mama Povu alikuwa anafua nyumba sita, na zote sita zilikuwa za waumini wa kanisa lile lile. Alianzia kwa mke wa mfamasia miaka kumi na moja iliyopita, alipofiwa na mume na kubaki na mama yake mzazi wa kumtunza. Mfamasia akaenda kanisani na shati jeupe la kuumiza macho, watu wakauliza limefuliwa na nani, na kazi mpya akawa anazipatia uani mwa kanisa, kila Jumapili baada ya ibada. Jina la Mama Povu alipewa na wanakwaya, naye akalipenda.

Kwa nini basi alinyoosha mkono? Kwanza maneno yalikuwa matamu. Pili, ukikaa na kwaya hutaki kuonekana unajikokota. Na tatu, hili ndilo kubwa, Mwalimu aliposema "kuhudumiwa" yeye alifikiria watu wakubwa wenye wapishi na madereva. Hakuwahi kujiona kama mtu anayehudumia. Alijiona kama mtu anayefua. Maana ya kura ile ilimjia akiwa mlangoni kwake, anapapasa ufunguo.

Mama yake, aliyekuwa haoni vizuri lakini masikio yake hayakupitwa na jambo, alisikiliza habari yote hadi mwisho.

"Kwa hiyo mwanangu umepiga kura ya kujifukuza kazi."

"Mama, ni mfungo wa Bwana."

"Sawa. Na Bwana amesema tutakula nini?"

Jumatatu Mama Povu alienda kazini kama kawaida, kwa matumaini kwamba watu wamesahau. Watu hawakusahau. Mke wa mfamasia alimpokea getini, povu limempanda hadi kwenye viwiko, uso umemng'aa kwa furaha ya kweli kabisa.

"Mama Povu! Leo wewe pumzika. Ni zamu yetu sisi kujishusha."

Akamkumbatia, akamlowesha bega, akarudi ndani mbio. Nyumba ya pili, pumzika. Ya tatu, pumzika dada, umechoka sana wewe. Kufika saa sita mchana alikuwa amepumzishwa mara sita, na miguu inamuuma.

Wiki ya pili alizunguka kutafuta nyumba mpya. Lakini mtaa una taratibu zake, na kila nyumba yenye nguo nyingi ina mtu wake. Huendi kuchukua beseni la mwenzako. Kwenye kizingiti kimoja alimkuta mfuaji mwenzake, dada mrefu aliyekuwa anafua nyumba tatu za waumini ingawa yeye mwenyewe hakuwa akisali pale. Dada yule alikaa amejiinamia.

"Wewe unasali nao," akamwambia Mama Povu. "Nimekosa nini? Nimeunguza nguo ya mtu? Mbona wote wamenikataa siku moja?"

Mama Povu alimweleza kwa shida. Aliruka ile sehemu ya mkono.

Nyumbani wakaanza kula mara moja kwa siku, jioni, ili walale vizuri. Mama yake hakulalamika, na hilo ndilo lililomchoma zaidi, maana mama yule alikuwa mtu wa kulalamika hata kwa chumvi kupungua.

Kila Jumatano waumini walikutana kutoa ushuhuda. Mtu anasimama, anaonyesha malengelenge, anasema beseni limemfundisha unyenyekevu. Mwingine anasema hakujua kola ya shati ni kazi namna ile. Watu wanaitikia amina. Mama Povu alikaa na mikono chini ya kanga yake. Mikono hiyo, iliyochubuliwa na sabuni kwa miaka kumi na moja, ilikuwa inapona. Ngozi mpya, laini kama ya msichana, na aliionea haya.

Angeweza kusema. Kila Jumatano alijiambia leo nasema, na kila Jumatano alikaa kimya. Aliogopa kuambiwa anauza mfungo wa Bwana kwa mche wa sabuni. Tena yeye ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza, atarudi vipi nyuma? Na njaa ina aibu yake, msikilizaji. Mwenye njaa ndiye anayejificha, utadhani ameiba.

Jumapili ya nne ilileta kicheko kidogo. Mchungaji alikuwa amejifulia kweli, akaloweka kanzu yake nyeupe ya ibada pamoja na stola, ule mtandio wa zambarau wa shingoni. Akapanda madhabahuni na kanzu ya zambarau iliyopauka, kola imekakamaa kwa sabuni isiyosuuzwa. Wanakwaya waliumana midomo. Mama Povu hakusikia neno la mahubiri siku hiyo. Alikuwa anapiga hesabu ya maji ya moto kichwani, na kuomba Mungu kanzu ile isiwe imepigwa pasi, maana ikishapigwa pasi rangi imekwisha kuingia. Ilikuwa imepigwa pasi, tena vibaya.

Jumatano ya tano Mwalimu aliingia na daftari, anatabasamu. Sadaka ya mfungo, alisema, haijawahi kuwa nzuri kiasi kile tangu kanisa lijengwe. Kamati ilikuwa imekaa, ikaulizia mitaani, ikapata majina ya wahitaji watakaopelekewa unga, mafuta na sabuni kabla ya Pasaka. Akaanza kuyasoma. Mzee wa nyuma ya soko asiyeweza kutembea. Mama wa mapacha.

"Na tusisahau watu wetu wenyewe," akaendelea kwa sauti ya upole. "Ndugu yetu wa kwaya, Mama Povu. Tumesikia siku hizi hali yake si nzuri."

Watu wakapiga makofi ya upendo. Mke wa mfamasia, aliyekaa benchi la nyuma, akamwekea mkono begani. Mkono ule ulikuwa na malengelenge.

Mama Povu akasimama. Hakuwa amepanga.

"Mwalimu, shikamoo. Naomba kuuliza. Hii sadaka imetoka wapi?"

"Marahaba, mama. Imetoka kwenye mfungo wetu. Ni kile ambacho kila nyumba ingelipa kwa kufuliwa."

"Kufuliwa na nani?"

Mwalimu alifungua mdomo kujibu upesi, alivyozoea darasani. Akaanza kupekua daftari.

"Nyumba sita ni zangu," Mama Povu alisema. Sauti yake haikupanda, ilikuwa ile ile ya kuulizia bei ya nyanya. "Mimi nilinyoosha mkono, kwa hiyo simlaumu mtu. Lakini kuna mwenzangu hapa mtaani, hasali hapa, hakuulizwa na mtu. Mpaka namweleza, alidhani ameunguza nguo. Ninyi mmefunga, njaa tumeshinda nayo sisi. Na leo mnaniletea unga wangu mwenyewe mmeupa jina la sadaka." Kisha likamtoka lililokuwa limemkaa rohoni kuliko yote. "Na sabuni! Sasa hiyo sabuni nikafulie nini?"

Akakaa. Mkono ulikuwa umeshaondoka begani mwake.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati ambalo, kusema ukweli, lilikuwa na madoa.

"Nimefundisha miaka thelathini na minne," akasema. "Nimesahihisha watoto wa watu. Leo nimefeli mtihani niliotunga mwenyewe. Nabii nilimsoma kwa sauti, tena mbele yenu wote."

Hakuna aliyemtetea, na yeye hakutaka kutetewa. Jioni ile ile wakakubaliana. Sadaka yote irudi kwa wafuaji kama mshahara wao wa wiki zile, anayesali pale na asiyesali, na kila nyumba impelekee wake mlangoni na kumwomba radhi kwa mdomo wake. Mzee wa nyuma ya soko na wenzake wapate unga kutoka mifukoni mwa waumini. Wakati wa kutoka, Mchungaji alimsogelea Mama Povu, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna tumaini lolote kwa ile kanzu.

"Tumaini lipo, Mchungaji," akamwambia. "Weupe ndio siwezi kukuahidi."

Jumatatu akarudi kwa mke wa mfamasia. Walishaombana radhi mlangoni kwake Ijumaa, mama yake akasikiliza yote na kusema asante mara moja tu, kwa hiyo njiani Mama Povu alikuwa mwepesi, anaimba sauti yake ya kwaya. Akazunguka uani. Pale kwenye saruji, mahali pa beseni, palikuwa na meza.

Meza ya mbao, imara, ya kufika kiunoni. Ukiweka beseni juu yake unafua umesimama wima. Mama Povu aliishika pembeni, akaitikisa. Haikutikisika.

"Nzuri," akasema. "Umeniwekea lini?"

Mke wa mfamasia angeweza kudanganya, na nani angejua? Hakudanganya.

"Sikukuwekea wewe, Mama Povu. Niliweka yangu. Siku ya pili ya kufua, mgongo ulinikata nikashindwa kunyooka. Nikamwita seremala."

"Siku ya pili?"

"Siku ya pili."

Miaka kumi na moja beseni lilikuwa limekaa chini, na mwanamke mmoja ameinama juu yake, na mwingine anapita na kikombe cha chai kumpa habari za asubuhi. Mke wa mfamasia aliketi kwenye ngazi ya jikoni, akafunika uso, akalia kwa sauti. Mama Povu hakumbembeleza. Alikuwa amekasirika, hasira ya kweli, ambayo hata ule unga haukumtia. Alimwacha alie.

Akabandika beseni juu ya meza, akamimina maji, akaloweka mashuka. Alifua amesimama. Mgongo ulimshangaa, haukujua pa kuuma. Alipomaliza kusuuza maji ya tatu alivuta shuka kubwa kuliko yote, akashika ncha zake mbili, akageuka kwenye ngazi.

"Inuka, mama," akasema. "Shuka hili ni la kukamuliwa na watu wawili. Miaka yote nalikamua peke yangu. Shika upande ule."

Akainuka, akashika.