Muulize Mwenye Boti

Juzi nilitoka kwenye duka la injini za boti hapa Tanga nimefura kwa hasira, na nilikuwa nimeingia kununua oili tu.

Mbele yangu kaunta walisimama mume na mke, watu wazima. Muuzaji alimpa mzee shikamoo. Mama hakuambulia hata karibu. Lakini mama ndiye aliyeuliza. Alitaka mashine ya boti mpya ya matembezi, ile ambayo injini hukaa ndani na mguu wenye pangaboi hutokeza nyuma.

"Boti italala Tongoni," alisema. "Maji yakipwa, inakaa mchangani. Huo mguu unapanda juu kabisa?"

Muuzaji akamgeukia mume. "Mzee, hii ina nguvu. Hutajuta."

"Unapanda au haupandi?" mama akarudia.

Muuzaji akacheka, akamgusa mzee begani. "Mama anaogopa bahari. Mzee, hii inakimbia."

Nilitamani kupiga kaunta ngumi. Mguu usiopanda, maji yakipwa, hulaliwa na boti nzima mpaka uvunjike. Mama aliuliza jambo la maana kuliko yote, na jibu lake ni neno moja. Bwana yule alikuwa radhi auze chuma cha kuvunjika kuliko kumjibu mwanamke.

Mama alichukua mkoba wake, akatoka.

"Mzee, tukufungie?"

"Boti ni yake," mzee akasema. "Mimi mtu wa Lushoto, hata kuogelea sijui."

Hapo ndipo muuzaji alipomtazama mama kwa mara ya kwanza, naye alikuwa ameshavuka barabara.