Bolti Iliyokatikia Ndani

Fundi cherehani hakuwahi kushika spana mpaka mumewe alipopigwa na kiharusi. Mume alikuwa dereva, na gari lake lilikuwa mboni ya jicho lake. Mkewe kazi yake ilikuwa kupanda na kushuka. Sasa mkono wa kulia wa mume umelala pajani kama si wake, gari linavuja maji uani, na mwenyewe hataki makanika aliguse.

"Gari langu halichezewi na watu."

"Basi nitalichezea mimi, baba watoto. Wewe kaa uniambie."

Mume akawekewa kiti mbele ya boneti, akaanza kuamuru. Bolti za pampu ya maji zilitii, isipokuwa ya mwisho.

"Tia nguvu!"

Akatia. Ikalia ta! Kichwa cha bolti kikaja na spana, shina likabaki ndani ya injini.

Mke alijikaza kungojea maneno. Yeye na hasira za huyu bwana walikuwa wameshazoeana. Lakini maneno hayakuja. Alipogeuka, akamwona ameuelekeza uso ukutani, machozi yanamtiririka.

"Ningekuwa na mkono wangu..." mume alisema, asimalizie.

Mke akainama kulitazama lile shina.

"Limechomoza kidogo. Unene wa kifungo."

Kisha sauti ikatoka ukutani: "Cha shati au cha koti?"

"Cha koti."

"Basi koleo litalishika."

Wakalitia mafuta, wakayaacha yapenye. Mke akaligonga polepole kwa nyundo ndogo, akayafuta mafuta yote, akaupasha moto wa gesi ule mdomo wa tundu, kisha akagusisha mshumaa. Nta ikayeyuka, ikanyonywa ndani kulegeza kutu.

"Sasa libane. Usilazimishe. Zungusha kidogo, rudisha, zungusha tena."

"Hilo najua. Uzi uliofungamana hauvutwi."

Mume akacheka kwa pua. Wiki nyingi zilikuwa zimepita bila kicheko hicho.

Koleo likateleza, likamchuna mke vidole. Akafyonza damu, akabana upya. Ndipo akasikia fimbo ikikwaruza chini. Mume amesimama. Akaiegemeza fimbo kwenye gari, akauweka mkono wa kushoto juu ya mkono wa mke.

"Taratibu, mama."

Wakazungusha pamoja, wakarudisha, wakazungusha. Shina likalia kwi, likalegea, likatoka limejaa kutu. Hakuna aliyeshangilia. Mume alilishika kiganjani, kisha akasema tu kwamba kesho itatafutwa bolti mpya.

Mke akaenda jikoni kunawa. Dirishani akamwona mumewe ameinama juu ya vifaa, anajaribu kuokota spana kwa mkono wa kulia. Inaanguka. Anajaribu tena. Moyo ulimtuma atoke akamsaidie. Hakutoka. Aliacha maji ya bomba yaendelee kumwagika, mume asije akajua anatazamwa.