Niliyapeleka Ajia Maneno ya Mjomba

Kosa ni langu, sitamsingizia mtu, hata yule askari. Mdomo ni wangu. Nawaambia ninyi msionijua kwa sababu wanaonijua wameshachoka kunitazama.

Ilikuwa miaka ile ya sabini, wakati wa utawala wa jeshi, nami nilikuwa nafundisha shule ya Mvara, pale Arua. Baba yangu ni Mlugbara wa Ajia, mama ni Mkakwa wa Koboko. Koo hizo mbili zilikuwa hazisalimiani tangu mtoto wa baba mkubwa auawe kwenye kilabu cha pombe huko Koboko. Nani alimuua? Kila upande ulisema lake.

Akaja mtafiti kutoka chuo kikuu, mama mmoja mpole tuliyemwita Dokta. Alikuwa anachunguza jinsi watu waliogombana wanavyopatana, na alitaka kazi yake ituachie amani, si karatasi tu. Akanichukua niwe mkalimani wake. Kwetu mtoto wa dada hupita katikati ya ugomvi na hakuna anayemgusa. Basi nikavimba kichwa!

Dokta alikuwa na sharti moja. Kila upande uzungumze peke yake, na maneno yake yasivuke kwenda upande wa pili mpaka siku ya kukutana. Siku hiyo kila mtu aseme ya kwake kwa mdomo wake, halafu wote wale chakula pamoja.

"Tukiwasemea sisi, hawatapatana," aliniambia.

Koboko, mjomba wangu aliongea akilia. Alisema mwanawe Taban ndiye aliyeshika ile fimbo. Walikuwa wamelewa, hakukusudia kuua. "Nitamleta mwenyewe. Nitatoa ng'ombe, nitapiga magoti mbele ya wazazi wa marehemu. Lakini niacheni niseme mimi." Nilitafsiri machozi yakinitoka. Jamani, amani ilikuwa mlangoni!

Jumapili nikaenda Ajia. Kaka wa marehemu, askari, alikuwa amekuja likizo. Akaanza kunitania kwa Kiswahili chake cha kambini mbele ya watu waliokuwa wanakunywa chai.

"Sista, hii kazi yenu na Dokta iko ya bure. Nyinyi namaliza petroli tu. Watu ya Koboko haiwezi kusema kweli hata siku moja."

Wote wakacheka. Ningecheka nao, yangeisha. Lakini mimi na kiburi changu! Nikasimama.

"Wamesema! Mjomba mwenyewe amekiri ni Taban, na atakuja kuomba msamaha."

Kicheko kikakatika. Kaka akauliza taratibu, "Taban gani? Ile fundi ya baiskeli?"

Nikaitikia kwa kichwa. Bado nilidhani nimewaletea habari njema.

Gari la jeshi lilimkuta Taban kibandani kwake, anaziba pancha. Hakurudi. Hata mwili wake hatujauona mpaka leo.

Dokta hakunigombeza. Nilimkuta kwenye nyumba aliyopangishiwa Arua Hill, amekaa kitandani. Akauliza, "Uliwaambia?" Nikasema ndiyo. Akaanza kufungasha nguo zake. Heri angenizaba kofi!

Mama yangu hakukanyaga tena kwao Koboko. Alikuwa anaanza kupika, anaacha, anakaa chini. "Nitamwambia nini kaka yangu?" Alifariki kabla utawala ule haujaanguka, na swali lake halijajibiwa.

Kwa desturi hatukuweza kumzika mpaka ndugu zake wafike. Mjomba akaja. Nikamkimbilia, nikapiga magoti, nikamwamkia kwa Kikakwa, lugha aliyonifundisha yeye nikiwa mapajani pake. Akanipa mkono. Akanijibu kwa Kiswahili, kile tunachozungumza na wageni sokoni.

"Pole, mama. Mungu iko."

Akapita kusalimia wengine. Mimi nilibaki pale pale chini, magoti kwenye vumbi, mpaka shangazi akaja kuninyanyua.

Ewe unayepatanisha watu, uwe msomi, uwe mkalimani, nakusihi! Mtu akikuomba aseme neno lake mwenyewe, mwachie. Wakikucheka, cheka nao. Wakisema kazi yako ni bure, nyamaza unywe chai yako. Mimi sikutaka kuchekwa Jumapili moja tu, na Taban hana kaburi.