Huruma Iliyomwagwa Kitalu Namba Saba

Saa moja asubuhi, Mama Vigingi anapiga magoti kwenye kitalu namba saba, rula ndefu ya mbao mkononi. Anapima mtama, shina kwa shina. "Mh! Umenipita kiuno," anaguna. "Nimekwisha."

Mkulima mwingine angepiga vigelegele. Yeye anaogopa, maana kitalu hiki hakitakiwi kustawi.

Hapa palikuwa machimbo ya mawe. Mashimo yalifukiwa, udongo ukatandazwa upya, na huu ni msimu wa tatu kituo cha utafiti kinajaribu mtama na majani ya ng'ombe kwenye vitalu ishirini na vinne. Vingine hupewa mbolea nyingi, vingine kidogo. Vinne vyenye vigingi vyeupe havipewi hata chembe, ili ijulikane ardhi hii ina nguvu gani yenyewe. Namba saba ina vigingi vyeupe.

Anayepigilia vigingi hivyo ni yeye, ndiyo maana ya jina lake. Katika misimu yote hajakosea kipimo hata kimoja. Kilichomponza ni huruma.

"Jamani, ulikuwa wa njano, umesinyaa, na wenzake pembeni wananenepa," anajisemea bila kuinua macho. "Mbolea ilinibaki mkononi, nikaumwagia. Viganja viwili tu!"

Hiyo ni wiki tano zilizopita, na tangu hapo usingizi umempaa. Saa tatu leo mtaalamu anakuja kuchukua vipimo, na kwa vipimo hivyo wakulima waliorudishiwa ardhi hii wataambiwa watie mbolea kiasi gani. Mmoja wao ni dada yake, mwenye ekari mbili ng'ambo ya barabara.

"Akiambiwa udongo unajiweza, atapanda hivi hivi, avune mabua. Nikisema, kazi sina. Sasa nifanyeje?"

Mtaalamu anafika, kijana mwenye daftari. Anainama kwenye namba saba, anatabasamu. Mama Vigingi anamshika mkono.

"Mwanangu, hicho usikiandike. Nilikitia mbolea."

Kijana anakipiga mstari kitalu kizima daftarini.

"Mbona hukusema mapema, mama?"

"Woga, mwanangu."

"Vyeupe vimebaki vitatu. Tupime. Ya kazi tutaongea ofisini."

Vitatu hivyo, mtama haujafika goti. Mama Vigingi anazisoma namba kwa sauti, ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Dada atatia mbolea," anasema. "Na mimi, wakiniacha nibaki, msimu ujao nitaanza na vitalu vyeupe, mikono mitupu, kabla sijagusa mbolea."