Bahasha ya Vibovu

Katika safu nzima ya mafundi, meza kumi na nne chini ya paa moja refu la bati, mwanamke alikuwa mmoja tu. Asubuhi aliviringisha waya wa risasi kwenye kidole kama pete, akawasha pasi ya kuchomea, na kufika jioni pete ilikuwa imekwisha, imeyeyukia ndani ya redio za watu. Ndiyo maana walimwita Mama Risasi.

Kazi alifundishwa na mjomba wake, na pamoja na kazi alirithi sharti moja: kilichotoka ndani ya chombo cha mtu ni mali ya mtu, hata kama kimeoza. Kila kifaa kibovu alichokitoa alikitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika tarehe, akamrudishia mwenyewe. Kabla ya hapo alikidondoshea nukta nyekundu ya rangi ya kucha, rangi aliyoiomba kwa bintiye msusi. Nukta hiyo aliiweka chini, katikati ya miguu ya kifaa, mahali ambapo kikishakaa kwenye bodi hapaonekani. Maana yake ilikuwa moja: hiki nimekitoa mimi, na ni kibovu.

Wenzake walimcheka. Fundi saa, jirani yake wa kushoto, alisema huyu ndiye fundi pekee anayemkabidhi mteja maiti pamoja na cheti cha kifo.

Wacheke. Safu ile ilikuwa na sheria kali kuliko ya mjomba. Fundi akithibitika kudanganya mteja, Mwenyekiti wa mafundi anaiondoa meza yake siku hiyohiyo, na hakuna safu nyingine itakayompokea. Meza mbili zilikuwa zimeshaondoka hivyo. Mama Risasi alikuwa amekaa kwenye meza yake miaka kumi na tisa, wala hakuwa na mahali pengine pa kuipeleka.

Siku moja alikuja mzee mrefu, aliyewahi kuwa mpimaji wa ardhi, na watu mtaani bado walimwita Mpimaji. Alibeba begi. Ndani mlikuwa na kompyuta ya zamani, zile ambazo kibodi na kompyuta ni kitu kimoja, unaichomeka kwenye televisheni na kuipa programu kwa kanda za kaseti. Alikuwa nayo tangu ujanani. Alicheza nayo sataranji kila siku baada ya chai, na kwa miaka yote hiyo ilikuwa ikimshinda.

Sasa ilikuwa mgonjwa. Picha ilitetemeka kama kitu kinachotazamwa chini ya maji, na kila kaseti ilipoanza kusomwa kompyuta ilizimika, ikaanza upya. Mzee alikuwa amezunguka kwa mafundi watatu. Wa kwanza alisema imekufa. Wa pili alisema hajui kompyuta, ila anajua kwamba hiyo imekufa. Wa tatu alimshauri anunue simu. Mama Risasi alichukia sana neno hilo, imekufa, likitoka kinywani mwa mtu ambaye hajalegeza skrubu hata moja.

Kompyuta yenyewe hakuigusa. Alianza na kisanduku cha umeme, kile kizito kama tofali kinachokaa kati ya ukuta na kompyuta na kuupunguza umeme mpaka volti tano. Alikipima. Mita ikasema tano kamili. Fundi mwenye haraka angeishia hapo, akasema kisanduku kizima. Yeye alichukua balbu ya gari, akaifunga kwenye waya za kisanduku ili kifanye kazi huku anakipima. Balbu ilipowaka, tano ikashuka mpaka tatu na nusu.

"Mtu akiwa amelala huwezi kujua kama ana nguvu," alimwambia mzee. "Mtwishe ndoo kwanza."

Alipokifungua akamwonyesha. Kapasita mbili, kila moja nene kama kidole gumba, vichwa vimetuna, na moja imetokwa na ute wa kahawia miguuni. Alimweleza kwamba umeme unaotoka kwenye transfoma huja kwa mawimbi, na kapasita ni kama mapipa ya maji: bomba likikatikakatika, pipa linaendelea kutoa. Mapipa yake yalikuwa yamekauka.

Mzee akamwachia mzigo. Kesho yake alipoufuata, kazi ilikuwa imekwisha na kisanduku kimefungwa. Volti zilikuwa tano na balbu inawaka, tano na kompyuta inafanya kazi, tano na kaseti inazunguka. Mama Risasi akampa bahasha. Alianza kumweleza kwamba kapasita za siku hizi ni ndogo kuliko zile za zamani ingawa nguvu ni ileile, lakini mzee alikuwa amekwisha kuinua begi.

"Nieleze siku nyingine, binti yangu. Kuna mtu ananisubiri nimfunge."

Bahasha aliitumbukiza kwenye begi, katikati ya kaseti.

Siku ya kumi na moja alirudi. Ilikuwa saa nne asubuhi, wakati safu imejaa wateja. Alifuatana na mkwe wake, kijana mwenye duka la simu, shati limepigwa pasi mpaka mikono.

"Shikamoo, mzee," alisema Mama Risasi.

Mzee hakuitikia. Alikitua kile kisanduku mezani, kifuniko kimeshalegezwa, akakifunua na kuwageukia watu.

"Njooni mwone wote," alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wenzake kutoka ng'ambo ya bonde. "Alinionyesha vifaa viwili vimetuna. Akasema amevibadilisha. Hivi hapa, ni vilevile, vimo ndani. Mama huyu ni mwizi."

Mwizi. Neno hilo alilitamka mara tatu, na kila mara lilifika mpaka meza ya mwisho. Mama mmoja aliyekuwa ameacha redio yake akanyoosha mkono na kuichukua rafuni bila kuuliza. Mwingine akafuata. Wa tatu akabeba feni yake ikiwa imefunguliwa nusu, skrubu zake kwenye kiganja. Hakuna aliyemtazama Mama Risasi usoni.

Mwenyekiti alikuja akichokoa meno. Akauliza, dada, unasemaje?

Alivitazama vile vichwa vilivyotuna, akavitambua, na kwa kitambo kifupi akajishuku mwenyewe. Nilisahau? Nilifunga bila kubadilisha? Ndipo alipokigeuza kisanduku na kuona chini ya bodi. Risasi ilikuwa imemwagwa kama uji wa mtoto. Njia moja ya shaba ilikuwa imebanduka kwa pasi iliyochomwa kupita kiasi. Mikono yake haikuwahi kufanya kazi ya namna hiyo, hata mwaka wa kwanza kwa mjomba, na hasira ikampanda mpaka masikioni.

"Mwenyekiti," alisema, "nazitoa hizi mbele yako. Chini ya kila moja kutakuwa na nukta nyekundu. Isipokuwepo, msinifukuze. Nitaibeba meza mwenyewe."

Akashika pasi. Hata fundi saa aliweka chini kibano chake. Ya kwanza ikatoka. Nukta. Ya pili. Nukta. Wenzake wote waliijua nukta ile, waliicheka miaka mingi, na sasa walianza kunong'ona.

Mkwe akakohoa. Akasema nukta haithibitishi kitu. Huenda alizitoa, akazipaka rangi, akazirudisha zilezile.

Maneno hayo yalikuwa na akili ndani yake, na Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Ndilo lililomchoma zaidi Mama Risasi: kwamba kijana alikuwa na akili ya kutosha kulifikiria hilo, na uso mkavu wa kutosha kulisema.

"Mzee wangu, bahasha niliyokupa iko wapi?"

"Imo humu kwenye begi. Hata sijaifungua."

"Bahasha ya nini tena, baba," alidakia mkwe, mkono umeshafika kwenye begi. "Karatasi tu ile."

"Mbona mbio, kijana?" alisema fundi saa. "Hata saa zangu mbovu haziendi hivyo."

Mwenyekiti akalivuta begi upande wake, akatafuta kati ya kaseti, akaipata bahasha na kuikung'utia mezani. Zikadondoka kapasita mbili ndogo za bluu, mpya, miguu bado imeng'ang'ania chembe za risasi safi.

"Hizo ndizo nilizoweka mimi," alisema Mama Risasi. "Sasa mniambie zimetembeaje mpaka huko."

Kijana akasema yote akiwa ametazama viatu vyake. Siku nne zilizopita, baba mkwe alipokwenda kliniki, yeye aliifungua bahasha. Akaona vifaa vikubwa viwili. Akafungua kisanduku, akaona vidogo viwili mahali pake. Akajua, au alidhani anajua, kwamba fundi amechukua vikubwa vya mzee na kumbandikia vidogo vya bei rahisi. Akarudisha vikubwa, vidogo akavitia kwenye bahasha. Alitaka kutenda wema. Jioni ileile kompyuta ikazimika, na aibu ikamziba mdomo. Baba mkwe alipomtaka afungue waangalie, akafungua. Mzee alipoona vilivyotuna na kupandwa na hasira, kijana akamwacha apandwe.

Siku nne mdomo ule ulizibwa na aibu. Ulizibwa mama wa watu akiitwa mwizi mara tatu, ulizibwa redio zikiondoka rafuni. Ulipozibuka, ulizibuka kwa ajili ya kueleza kwamba nukta haithibitishi kitu.

Mpimaji aliinamisha kichwa. "Basi," alisema kwa sauti ambayo ingesikiwa na kifungo cha shati lake tu, "yameisha. Nitengenezee, binti."

Mwenyekiti naye akasema lalamiko limeanguka, meza inabaki, kila mtu arudi kazini. Kwake yeye ilikuwa imekwisha kweli. Lakini wenye redio walikuwa wamekwisha kuondoka. Wao walibeba neno moja tu, lile la kwanza.

"Nitakutengenezea," alisema Mama Risasi. "Kwanza rudi pale uliposimama, useme hili kama ulivyosema lile."

Mzee akajinyoosha kwa urefu wake wote. Alikusanya vitu vyake, mkwe akamsaidia kufunga begi, wakaondoka.

Nyumbani, mumewe, fundi cherehani, alimsikiliza akiwa na utepe shingoni na pini mdomoni. Alitoa pini ndipo akasema kwamba meza amebaki nayo, jina limesafishwa mbele ya Mwenyekiti, na yule ni mtu mzima. Anataka nini tena?

"Sauti ileile."

"Mke wangu, mzee wa watu."

"Uzee ulimzuia kupiga kelele?"

Mume akarudi kwenye mkunjo wa suruali. Baada ya muda akasema kwamba aliwahi kumshonea Mpimaji huyo, wakabishana wiki nzima juu ya nusu inchi. Ni mtu wa vipimo.

"Basi ajipime," alisema mkewe.

Siku mbili zikapita. Alifanya kazi, lakini kila mteja aliyekaribia meza alimtazama mikononi, na aliyepita bila kusimama alimhesabu moyoni kama wa nne, wa tano. Alijua si haki, kwa kuwa watu hupita tu. Ndivyo neno lile linavyofanya kazi: hukuachia wewe kuumalizia uongo uliosemwa na mwingine.

Siku ya tatu, saa nne, Mpimaji alikuja peke yake, begi mkononi. Hakuja mezani moja kwa moja. Alitazama nguzo, akatazama meza, akasogea hatua moja kushoto, mpaka akawa amesimama palepale.

"Marahaba, binti yangu," alisema.

Mama Risasi alikuwa hajamsalimia bado. Ilikuwa salamu ya siku ile, na mzee aliijibu kwa sauti ya bonde, mpaka watu wakageuka.

"Hapa nilimwita mama huyu mwizi. Vifaa vyangu alivibadilisha kama alivyosema. Aliyerudisha vibovu ni mtu wa nyumbani kwangu. Aliyepiga kelele kabla ya kuuliza ni mimi. Mwenye kumjua aliyeondoa redio yake hapa amwambie airudishe."

Mwisho wa safu kulikuwa na mtu anasaga chuma, cheche zinaruka, hakusikia kitu. Mama Risasi alitazama upande ule tu. Mzee akatazama naye. Akangoja mashine inyamaze, kisha akasema yote tena, tangu mwanzo, bila kupunguza hata neno.

"Kaa, mzee wangu," alisema Mama Risasi, na kumsogezea kigoda.

Alifanya kazi mbele yake. Njia ya shaba iliyobanduka akaiunga kwa kipande cha waya. Zile za bluu akazirudisha mahali pake, na safari hii mzee aliinama kuziangalia, akasema kumbe ni ndogo hivi. Balbu ya gari ikawaka. Mita ikasema tano, ikabaki tano.

Zile za zamani nazo zilikuwa mezani, zimetoka kwenye begi. Fundi saa akashauri sasa aache mambo ya bahasha, ameona yanakompeleka. Mama Risasi akachukua koleo, akakata miguu ya kapasita ya kwanza, tak, na ya pili, tak.

"Fungua mkono, mzee."

Akamwekea kiganjani zile kapasita mbili nene zisizo na miguu, nukta nyekundu juu. Kisha akatoa bahasha mpya na kuandika tarehe.

Mama wa redio ya kwanza alirudi wiki ile. Wale wengine wawili hawajarudi mpaka leo. Nafasi zao rafuni zipo, wala hajaweka kitu hapo.