Redio Kabatini

Kabati lenyewe lilikuwa la mbao nzito, la milango miwili, zawadi ya harusi iliyogoma kuingia chumbani mpaka fundi akang'oa fremu ya mlango. Kushoto zilining'inia nguo za mume, kulia za mke, na katikati, chini ya makoti, palikuwa na kigoda. Juu ya kigoda hicho alikaa mwanamke mzima mwenye watoto wawili shuleni, magoti yamekaribia kidevu, maikrofoni mbele ya pua, blanketi limemfunika kichwa, akisoma kwa sauti ya kumkaribisha mgeni wa heshima. Usicheke. Nguo humeza mwangwi, na asiye na studio hujijengea yake kwa alichonacho.

Mtaa mzima ulimwita Redio. Jina alilipata utotoni kwa sababu alikuwa hanyamazi, akakua nalo, mwisho likawa kazi. Alikuwa amesoma matangazo ya sabuni, vitabu vya kusikiliza, na ile sauti ya benki inayokuambia simu yako ni muhimu, tafadhali subiri. Hakuna aliyemwajiri. Alipewa mkataba, akaumaliza, akatafuta mwingine, na kati ya mkataba na mkataba palikuwa na shimo. Kila mara aliapa kwamba safari hii hatatumbukia, na kila mara alitumbukia.

Safari hii shimo lilikuwa refu. Kitabu cha mwisho alikisoma kabla ya mvua, na mvua zilikuwa zimekuja, zimenyesha na kwenda zake. Alituma sampuli za sauti huku na huko. Wengine walimjibu "tutakujulisha," neno ambalo kwa watu wa kazi za mkataba ni kwaheri iliyovaa tai. Wengine hawakujibu kabisa. Siku moja alipiga simu benki kwa shida zake, akaambiwa asubiri, na aliyemwambia ni yeye mwenyewe. Alisubiri kwa adabu zote, akijisikiliza.

Sasa, kaka mkubwa wa mumewe alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Si mtu mbaya shemeji huyo, ila alikuwa na huruma ya haraka haraka.

"Shemeji, kaunta iko wazi," alimwambia. "Mshahara kila mwezi, hakuna kubahatisha. Ila nipe jibu Ijumaa, maana Jumatatu lazima pakae mtu pale."

Mume, dereva wa lori aliyekuwa safarini, alisema kwenye simu kwamba uamuzi ni wa mkewe, na alisema kama mtu aliyekwisha kuamua. Redio aliwashukuru wote wawili, kisha akaenda kukaa jikoni peke yake. Kaunta ile ilikuwa ya asubuhi mpaka jioni, siku sita kwa wiki, katikati ya kelele za mabati. Aliwajua wenzake walioacha kusoma ili wafanye kazi nyingine "kwa muda tu." Waliporudi, simu zao zilikuwa hazipigwi tena, na nafasi zao zilikuwa na watu. Aliogopa, na hakuwa na haja ya kujidanganya kuhusu hilo.

Lilibaki tumaini moja. Kampuni ya vipindi ilikuwa inatafuta msomaji wa masomo ya wazazi wachanga, mkataba wa mwaka mzima. Sampuli ifike Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Ijumaa ileile ya shemeji.

Asubuhi hiyo, watoto walipokwenda shule, Redio alivuka barabara kwenda kwa fundi wa kuchomelea mageti.

"Fundi, habari za kazi?"

"Salama, Redio. Leo tunazima au tunawasha?"

"Nizimie mpaka saa tano tu, nakuomba."

"Mwenye geti hili ana mdomo, wewe."

"Mwambie umeme umekatika."

"Na akiona taa inawaka?"

"Fundi!"

"Haya, haya. Nakunywa chai. Lakini mimi chai nakunywa haraka."

Nyumbani alibaki mama mkwe, aliyeletwa kutibiwa macho, akatibiwa, akasahau kurudi kwake. Walipendana kwa kutaniana. Katika jambo moja tu hawakukubaliana: mama mkwe aliamini kwamba kazi ni kitu kinachokutoa nyumbani asubuhi. Mkwe anayejifungia kabatini na kujisemesha alimtia mashaka, na zaidi ya yote yale makofi.

Makofi yana maana. Ukikosea ukiwa unarekodi, husimamishi mashine. Unapiga kofi moja, unarudi mwanzo wa sentensi, unaendelea. Baadaye, kwenye mchoro wa sauti wa kompyuta, kila kofi linaonekana limesimama kama mwiba, nawe unajua kwamba nyuma yake kuna ubovu wa kukatwa. Kwa hiyo huwa kuna mafaili mawili. Lile lenye makosa na makofi yote Redio aliliita bichi, na lile lililokatwa na kuungwa aliliita bivu.

Akaingia kabatini, akafunga milango, akaanza. "Mzazi mwenzangu, mtoto wako anapolia usiku..." Kofi. Ulimi ulikuwa mzito. "Mzazi mwenzangu, mtoto..." Kofi. Sentensi ya tatu ilimkata pumzi katikati. "Aliyeandika hii hapumui?" alinong'ona, akapiga kofi. Jasho lilimtiririka machoni. Alikuwa amesoma mambo magumu kuliko haya bila kukwama, na sasa aya ya wazazi wachanga ilimtoa jasho kama mwanafunzi mbele ya darasa. Kofi. Kofi tena.

Mlango ukafunguliwa, mwanga ukamwingia usoni.

"Mwanangu," alisema mama mkwe, "unajipigia makofi mwenyewe? Kuna mtu kakushangilia?"

"Mama, nafanya kazi."

"Kazi gani hiyo ya kulia?"

Hapo ndipo Redio alipogundua kwamba lile si jasho peke yake. Akataka kusema ni vumbi la makoti, lakini midomo ilimsaliti.

"Naogopa, Mama. Wakinikataa hawa, Jumatatu nakwenda kaunta. Na nikienda kaunta sirudi tena. Najijua. Sauti hii ndiyo kitu pekee ninachokiweza, na hakuna anayeitaka."

Mama mkwe alisogeza makoti pembeni kwa mkono mmoja.

"Toka humo kwanza. Hakuna mtu anayelia vizuri akiwa amejikunja. Njoo hapa. Nipe mkono. Ehe. Sasa lia, mimi nipo, sina safari. Ukimaliza utakunywa maji, utarudi kwenye kabati lako, na safari hii usiwasomee watu kama unawauzia sabuni. Umenisikia? Pua hiyo pangusa."

Redio alilia, akanywa maji, akarudi. Mashine ilikuwa inaendelea kurekodi muda wote huo. Alisoma sampuli yote kwa mkupuo mmoja, vizuri kuliko alivyosoma tangu mwaka uanze. Alipofika kwenye kompyuta kukata na kuunga, fundi alikuwa amemaliza chai, cheche zinaruka barabarani, na taa ya chumba ikaanza kufifia kila mashine yake iliponguruma. Umeme ukizimika tu, kazi imekwisha. Alikata, akaunga, akahifadhi, akatuma, akafunga macho na kushusha pumzi.

Mtu wa kazi hii haamini mpaka asikilize tena. Akafungua alichotuma, akasikia kofi la kwanza.

Alikuwa ametuma bichi. Yote yamekwenda: kukwama kwake, kumsema mwandishi, kilio, kaunta ya shemeji, mpaka pua ya kupanguswa. Alituma bivu haraka, na maneno matatu ya kuomba radhi, kisha akapiga simu. Alipokea msichana wa mapokezi.

"Dada, nimetuma sampuli, lakini ile ya kwanza msiisikilize, tafadhali. Sikilizeni ya pili."

"Wako ndani wanasikiliza sasa hivi."

"Wanasikiliza ipi?"

"Iliyofika, dada."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Alifagia chumba kilichokuwa kimefagiliwa. Aliifungua simu na kuifunga. Alijiona akiwa mezani kwao, uchi wa roho, watu wasiomjua wakicheka, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Watoto walirudi, wakala, wakatoka kucheza. Alasiri shemeji alipiga.

"Shemeji, vipi, tumeafikiana?"

"Nipe mpaka jioni."

"Jioni sawa. Lakini jioni ni jioni, eh?"

Jua lilikuwa limeanza kushuka simu ilipolia tena, na namba ilikuwa ya kampuni. Alikuwa mtayarishaji wa vipindi mwenyewe, mwanamke mwenye kikohozi cha mtu anayekaa kwenye kiyoyozi.

"Wewe ndiye wa makofi?"

"Ndiye. Naomba radhi sana, ile haikuwa..."

"Tumeisikiliza mpaka mwisho. Tukairudia." Akakohoa. "Unasoma vizuri, dada. Nikwambie ukweli, wanaosoma vizuri tumewapata wengi. Huyo mama aliyefungua mlango ni nani?"

"Mama mkwe wangu."

"Basi ndiye tunayemtafuta. Tumejaribu waigizaji mpaka tumechoka, kila mmoja anaigiza umama. Huyu haigizi. Yupo? Anaweza kufanya kazi na sisi mwaka mzima?"

Redio aliona wivu. Miaka yote hiyo ya kulinda koo, kukwepa maji baridi, kufanya mazoezi ya pumzi, na kazi imekwenda kwa mtu aliyefungua mlango wa kabati. Jibu lilikuwa tayari ulimini: hayupo, amerudi kwake jana, hatumii simu. Nani angejua? Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona mama mkwe sebuleni, sindano mkononi, akishonea kifungo shati la shule la mjukuu kwa kupapasa, kwa sababu macho, hata baada ya matibabu, hayakuona vizuri vya karibu.

"Yupo," alisema. "Na mimi je?"

"Wewe tutakujulisha."

Alichukua simu, akaenda kukaa karibu na mama mkwe, akaiweka kati yao, akamweleza. Hakupunguza kitu.

"Mimi?" Mama mkwe aliacha sindano. "Walinisikia?"

"Yote, Mama."

"Na ile ya pua?"

"Na ya pua."

Mama mkwe alicheka mpaka akajishika ubavu, kisha kicheko kikakatika. "Na wewe wamekuambiaje?"

"Watanijulisha."

Hata mama mkwe alikwisha kulijua neno hilo. Mara simu ikalia. Shemeji. Jioni ilikuwa imefika kweli. Redio alinyoosha mkono kuipokea, moyoni ameshakubali kaunta, lakini mkono wa mama mkwe ulitangulia.

"Ni mama yako," alisema. "Sikiliza. Hiyo kaunta itafutie mtu mwingine... Kwa sababu mke wa mdogo wako ana kazi... Kwangu. Mimi nimeajiriwa... Mimi, ndiyo, mama yako, umeacha kunijua? Natakiwa kusema kwenye mashine, na mimi kusoma sioni. Sasa nani atanisomea? Wewe na misumari yako?... Atalipwa na mimi. Nusu kwa nusu... Hapana, sijaumwa. Haya, usiku mwema."

Akamrudishia simu, akaokota sindano. "Jumatatu asubuhi uwahi kazini," alisema. "Mimi sipendi wachelewaji."

Redio alicheka na machozi yakamtoka, na hakujaribu kuyaita vumbi. Hakwenda kaunta. Wivu haukuondoka siku hiyo wala iliyofuata, na itakuwa uongo kusema uliondoka. Alituma sampuli nyingine mbili kwa watu wengine wikendi hiyohiyo.

Jumatatu walimwomba fundi anywe chai. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda, makoti yamemzunguka, blanketi kichwani, akilalamika joto. Redio alipiga magoti nje ya mlango ulioachwa wazi kidogo, karatasi mkononi. Alisoma sentensi moja taratibu, mama mkwe akaisema kwa namna yake, kama anayemwambia mtu aliyekaa naye ukumbini. Sentensi nyingine, hivyohivyo. Walipofika ukurasa wa pili, kofi kubwa lilisikika kutoka kabatini.

"Nimekosea!" mama mkwe alipaza sauti kwa furaha. "Nirudie wapi?"

"Mwanzo wa sentensi, Mama."

Mchana, mama mkwe alipokwenda kujinyoosha, Redio alikaa kwenye kompyuta kulifanya bichi liwe bivu. Makofi yalikuwa machache. Kazi kubwa ilikuwa ile sauti ya kwanza, yake mwenyewe, iliyotangulia kila sentensi, tulivu, haina kosa hata moja. Aliisikiliza kidogo, akaikata, akaunga. Akaenda kwenye sentensi iliyofuata, akaikata na huko. Alipomaliza alilisikiliza faili zima tangu mwanzo, na lilikuwa safi kabisa. Mtu asingejua kwamba kulikuwa na mwanamke mwingine chumbani.