Bangili Iliyopigwa Msasa

Ukitaka kumwona Mama Mapazia akipandwa na mori, mwambie unasugua pete yako kwa dawa ya meno. Ataacha cherehani katikati ya mshono, atavua miwani, na atakutazama mpaka ujute kuzaliwa na vidole.

"Ile dawa imeandikwa nini? Si imeandikwa ya meno? Pete yako ina meno?"

Kisha, kabla hujapata la kujibu, atakuamuru uivue na uilete dirishani kwenye mwanga, akuonyeshe mikwaruzo uliyoitia kwa mkono wako mwenyewe huku ukidhani unaisafisha. Ukimtajia limau, au majivu, au yale maji makali ya kufulia nguo nyeupe, ndiyo kabisa umejitakia. Wapo walioondoka pale wakiwa wamenuna, na bado wakarudi.

Kazi yake, kama jina linavyosema, ni kushona mapazia. Chumba cha mbele cha nyumba yake kimejaa majora ya vitambaa na reli zilizoegemezwa ukutani, hata mgeni hupita ubavuubavu. Lakini wengi wanaobisha hodi Jumamosi asubuhi hawaleti vipimo vya madirisha. Wanakuja wamefumba ngumi, na ndani ya ngumi mna mkufu uliojifunga mafundo, au hereni zilizoshika utando wa mafuta ya kujipaka, au pete ya ndoa iliyojaa unga uliokaukia kwenye nakshi. Yeye hawatozi chochote. Malipo yake ni kwamba lazima ukae umsikilize akikugombeza.

"Bakuli, si sinki! Sinki lina koo, likimeza halitapiki." Maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto. Suuza, kausha kwa kitambaa cha pamba kilichochakaa, wala si kwa karatasi. Lulu usizitose majini hata siku moja, uzi wake utaoza. Zifute kwa kitambaa chenye unyevu na uzilaze zikauke. Manukato kwanza, vito mwisho. Na kila kimoja kilale kwenye mfuko wake, maana vikilala pamoja hukwaruzana kama watoto wa kitanda kimoja. Mifuko hiyo huishona mwenyewe kwa vipande vya mapazia vinavyobaki, kwa hiyo nusu ya mtaa huhifadhi dhahabu zao katika vitambaa vya madirisha ya watu wengine.

Kitu kimoja tu hakukisafisha hivyo. Ilikuwa bangili ya dhahabu, nene, aliyoachiwa na mama yake. Dhahabu ya zamani ile, karibu haikuchanganywa na kitu, laini. Mama yake alikuwa na mtindo wake: mtoto akianza kuota meno na kulia usiku na mchana, alimpa bangili aiume. Mama Mapazia aliiuma, kaka yake akaiuma. Naye alipopata mtoto wake wa kwanza, mvulana, akampa vilevile, na yule mtoto akaing'ang'ania kwa vile vimeno vyake viwili vya chini mpaka akaacha vishimo viwili upande wa ndani, karibu na ukingo.

Yule mtoto hakufika kutembea. Homa ilimchukua akiwa bado anatambaa. Picha hawakuwa wamempiga. Walisema watampiga akishasimama vizuri. Miaka ikapita, akazaliwa binti, naye akaiuma bangili upande wa pili, na binti huyo sasa ni mtu mzima mwenye mtoto wake mwenyewe. Lakini wa kwanza hakubakiza kitu duniani isipokuwa vile vishimo viwili. Ndiyo sababu bangili ile haikuonja mswaki. Aliiosha kwa kiganja, akaikausha kwa kuibonyeza kwenye taulo, kwa sababu dhahabu kila ikisuguliwa huondoka kidogo, na yeye hakuwa na kidogo cha kutoa.

Hakumwazima mtu. Alimwazima wifi yake tu, dada wa mumewe, mwenye saluni ya nywele barabara ya pili, tena mara moja, alipokuwa na harusi ya rafiki yake. Atamnyimaje? Wifi alikaa naye nyumba moja wakati wa uzazi wa watoto wote wawili, alimwogeshea watoto, alimpikia uji. Hata hivyo alimpa na masharti: asiivae akijipaka mafuta, asiitie ndani ya pochi pamoja na funguo.

Wifi akairudisha Jumapili mchana, wakati familia iko mezani. Hakuirudisha katika mfuko wake wa kitambaa cha pazia. Aliitoa katika kiboksi cha bluu chenye sponji ndani, akakiweka mbele ya sahani ya Mama Mapazia na kukifungua yeye mwenyewe.

Bangili ilikuwa inawaka. Binti akapiga makofi kwa furaha. Mume, ambaye ni fundi wa mabasi na kwake kila kinachong'aa ni kizima, akasema, "Loo! Si imekuwa mpya hii?"

Mama Mapazia alinyosha mkono. Aliitwaa, na kidole gumba kikaenda ndani kutafuta mahali pake. Kikateleza. Akaizungusha, akaanza tena. Kikateleza.

"Wifi, umeifanya nini?"

"Nimeipitisha kwa sonara, wifi yangu. Wewe unasafisha vya watu wote, nikaona na wewe usafishiwe."

"Nilikuomba?"

"Mama," binti akaingilia, "sema asante basi. Shangazi amehangaika."

"Niseme asante?" Sauti yake ilipanda mpaka vijiko vikatulia. "Meno ya mwanangu yako wapi, niseme asante?"

Wifi akakumbuka ghafla kwamba ana mteja saluni, siku ya Jumapili, akaaga na kutoka. Mume akaweka kijiko chini. Akasema taratibu, "Yale? Sikudhani bado yanaonekana."

"Kwa anayetazama yalionekana."

Hilo lilimchoma mumewe na alistahili kuchomwa. Lakini watu wakishikwa na aibu hukimbilia kutengeneza, hata kisichotengenezeka. Mume akasema bangili haikuvunjika wala haikupotea, tushukuru. Binti akasema mwanawe anaota meno wakati huuhuu, bibi yake ampe aiume, ataweka mengine palepale.

"Mtoto wako si nyundo," Mama Mapazia akamjibu. "Tena asiguse."

Binti akaichukua bangili mkononi mwa mama yake kwa upole, apate kuona kwa macho yake madhara yenyewe. Akaipapasa ndani, akakunja uso.

"Mbona yangu yapo? Hebu shika, mama. Yamefifia, lakini yapo."

Mama Mapazia akashika. Kweli, upande wa pili alama za binti zilikuwepo, zimelainika tu. Hasira yake, iliyokuwa imechemka mpaka kumwagika, ikatulia na kuwa kitu kingine kibaya zaidi. Mashine haichagui mtoto.

Asubuhi yake hakufungua cherehani. Alivaa viatu vya kutokea akaenda kwa sonara, kwenye duka dogo lenye kioo na nondo, ambamo brashi ya mashine ilikuwa inazunguka na kurusha vumbi la dhahabu za watu.

"Fundi, hii bangili uliletewa uisafishe au uichonge?"

Sonara akaitambua papo hapo, tena kwa fahari. Ilimpa kazi, akasema. Brashi peke yake isingetoa mabonde yale, ilibidi aanze na msasa. Kisha akaona uso uliokuwa mbele yake, fahari ikamtoka.

"Lakini, mama, kama ulikuwa unavitaka vile vishimo, naweza kukupigia vingine viwili. Nina patasi ndogo kabisa. Hutatofautisha."

"Nitatofautisha."

"Basi mimi sikufanya kwa kichwa changu," sonara akajitetea, naye sasa amekasirika kidogo. "Mwenye kuileta alinionyesha kwa kidole. Yale ya upande mwingine alisema niyaache. Akaniambia hapa, hapa tu, hakikisha hapabaki kitu."

Kutoka pale mpaka saluni Mama Mapazia hakuitikia salamu ya mtu, na mtaa ule watu husalimiana sana. Ingekuwa bahati mbaya, au uzembe, au ujinga, angejua la kufanya: angegomba, angenuna, angepoa. Lakini mtu kumtafuta mwanawe kwa kidole, akampata, akamwonyesha fundi! Hilo halikuwa na jina kichwani mwake.

Wifi alikuwa anafunga rola kwenye nywele za mteja. Alipoona nani ameingia, mikono yake ikasimama.

"Ulimwonyesha kwa kidole," Mama Mapazia akasema.

Wifi angeweza kujitia hamnazo. Hakufanya hivyo. Alimfunikia mteja mashine ya kukaushia, akaiwasha ivume, akasogea.

"Ndiyo, nilimwonyesha. Sasa nifanyeje, wifi? Miaka yote nakuona. Uko jikoni, kidole kiko palepale. Uko kwenye cherehani, kidole kiko palepale, halafu unanyamaza siku nzima. Nikasema huyu hataponea popote mpaka kile kitu kitoke. Nilitaka upumzike."

"Nani alikwambia naumwa?"

"Wifi..."

"Nauliza. Nani alikwambia naumwa? Nilikuwa namsalimia mwanangu!" Hapo mashine haikufaa kitu, mteja alisikia yote na njiani nje walisikia. "Nguo zake mlizigawa, sikuulizwa. Kitanda chake mlikitoa nimelala, nikaamka nikakuta sakafu. Mkakubaliana nyumba nzima asitajwe, eti mama asije akaumia. Akitajwa mtoto wa jirani mnanitazama mimi usoni kama mnasubiri niangue kilio. Ile bangili mlinibakishia kwa kuwa hamkuiona tu. Na wewe ukaiona! Mmenihurumia mpaka mmenimalizia mtoto!"

Wifi alitazama sakafu iliyojaa nywele. Halafu, badala ya kuomba radhi, akavuta ukosi wa blauzi yake pembeni, bega likaonekana.

"Na mimi aliniuma," akasema. "Hapa. Nimembeba, nimemwegemeza hapa, nadhani kalala. Kumbe ananivizia. Alining'ata nikapiga ukelele, nikamwangusha kitandani, na yeye akacheka. Kialama kilibaki chekundu siku nyingi. Nilikuwa nikioga nakiangalia. Baada ya yale, nilikiangalia mpaka kikaisha."

Bega lilikuwa safi, halina hata kovu. Mama Mapazia alilitazama kwa muda mrefu hata hivyo. Mwanawe kuuma mtu na kisha kucheka! Yeye hakuwepo, hakuiona, na kwa miaka yote hii kitu hicho kilikuwa kimekaa ndani ya kichwa cha mtu mwingine, nyumba ya pili, huku yeye akipapasa vishimo viwili akidhani ndiyo mwisho wa mali.

"Hukuwahi kuniambia."

"Tuliambiana tusikwambie."

"Mliambiana." Alitaka kupiga kitu, na kilichokuwa karibu kilikuwa kiti cha wateja mbele ya kioo. Akakikalia. "Sikusamehe."

"Najua."

"Leo sikusamehe, na kesho usije kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini hiyo ya bega, hebu rudi mwanzo. Nataka yote. Ulimbeba bega gani, ilikuwa saa ngapi, mimi nilikuwa wapi."

Wifi akazima mashine ya kukaushia. Mteja akabaki na rola zake kichwani, na hata yeye hakuthubutu kulalamika.

"Ilikuwa mchana, wewe ulikuwa umekwenda kununua uzi," wifi akaanza. "Alikuwa amevaa kile kishati chake cha njano..."

"Kilikuwa cha kijani," Mama Mapazia akamkatiza kwa ukali. "Endelea."